Mwache Duma Awinde

Mimi ni mzaliwa wa Kimali, wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, na riziki yangu inatokana na picha. Napiga harusi, mahafali, vipaimara na ngoma, kuanzia Mwanhuzi hadi Bariadi. Shule na vikundi vya kina mama wakiandaa safari ya Serengeti huniita niende nao, kwa sababu mtu akishatoa nauli na kiingilio anataka kurudi na ushahidi kwamba alifika. Ushuhuda wangu unahusu kazi hiyo ya hifadhini. Leo nikiingia Serengeti na wageni, kabla ya yote nawaomba simu zikae mapajani, na mnyama aachiwe nafasi yake hata kama picha itakosekana. Kwa mpiga picha kusema hivyo si jambo dogo, na haikuwa hivyo zamani.

Meatu imepakana na Pori la Akiba Maswa, na pori hilo limeungana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wanyama hawa ni majirani zetu. Tembo tunawajua kwa mahindi waliyoyalaza, fisi tunamjua kwa mbuzi aliyepungua zizini. Lakini wengi wa watu wetu hawajawahi kuingia hifadhini wakiwa wageni, wameketi kitini, wakitazama tu. Wameijua mbuga kwa kufukuza na kufukuzwa. Kwa hiyo mama wa Kimali anapopita lango la Ndabaka kwa mara ya kwanza maishani, picha ni haki yake. Bibi aliyebaki nyumbani ataiona Serengeti kupitia simu ya mjukuu wake, na huenda asiione kwa njia nyingine yoyote. Asitokee mtu wa kunisoma kama adui wa simu.

Safari zetu zina utaratibu wake. Coaster inaondoka usiku, inapita Bariadi, inashika lami hadi Lamadi, kisha inakata kulia kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Kukipambazuka tuko Ndabaka. Tukishaingia tunafuata ukanda wa magharibi, tunawaona mamba wa Mto Grumeti, tunapita Kirawira, na kama mfuko unaruhusu tunasonga hadi Seronera. Njia nzima kazi ni moja. Mtu akipiga kelele "Simba!", gari zima linahamia upande mmoja, mikono inatoka madirishani, simu zinanyooshwa. "Dereva, sogea kidogo." Dereva anasogea. "Kidogo tena." Anasogea tena. Simba akigeuza kichwa watu wanashangilia, akiondoka wanalalamika. Kisha macho yote yanainama kwenye vioo kuangalia kilichopatikana, huku simba mwenyewe bado yupo pale nje, anatembea. Nami nilikuwa mbele ya wote, kwa sababu mimi ndiye niliyelipwa.

Kilichonibadilisha ni safari ya darasa la sita ambayo mjomba wangu aliambatana nayo kama mwakilishi wa wazazi. Mjomba ni mchungaji. Amechunga ng'ombe tangu utoto, na simu yake ni ile ya vitufe. Karibu na Seronera tukamwona duma jike amekaa juu ya kichuguu, mbali na barabara, na upande wa pili wa bonde dogo kulikuwa na kundi la swala tomi. Watoto wakainuka. Dereva, kwa mazoea, akaanza kutafuta njia ya kusogea mbele. Mjomba akamgusa bega.

"Kijana wangu, hapa panatosha. Zima gari."

"Mzee, hapa watoto hawataona kitu."

"Wataona. Yule ana njaa. Ukimsogelea unamnyima chakula."

Mwalimu mkuu akamuunga mkono, basi gari likazimwa. Dereva alikuwa na darubini moja chini ya kiti, ikaanza kuzunguka kutoka mkono hadi mkono. Nikanyanyua kamera, nikaona duma yuko mbali mno kwa lenzi niliyokuwa nayo. Nikaishusha. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile nikawa sina la kufanya ila kutazama.

Mjomba akaanza kusema, taratibu, kama anavyosema akiwa malishoni. Akawaambia watoto waangalie mikia ya swala: ikitikisika na vichwa viko chini, hawajajua. Akawaonyesha upepo unatoka wapi kwa jinsi nyasi zilivyolala. Akawauliza ni swala yupi wangemchagua kama wangekuwa duma. Watoto wakabishana kwa kunong'ona. Mmoja akamtaja swala aliyekuwa amebaki nyuma ya wenzake akila peke yake, na mjomba akatikisa kichwa kukubali. Duma akashuka kichuguu. Akatembea, akalala, akatembea, akalala. Yalikuja magari mawili ya watalii wa kigeni. Mwongozaji wa la mbele alipoona sisi tumesimama kimya akasimama nyuma yetu, na yule wa pili akafanya vilevile. Sikuamini, kwa sababu siku zote gari moja likisogea mengine hulifuata. Kumbe na kusimama nako huambukiza.

Alipochomoka, hakuna aliyekuwa ameshika simu. Vumbi, mgeuko mmoja, mgeuko wa pili, na swala akawa chini. Duma hakula mara moja. Alikaa kando ya windo lake akihema kwa nguvu, mbavu zikipanda na kushuka, na watoto walioshika darubini kwa zamu walikuwa wanawasimulia wenzao: anahema, bado anahema, sasa ameinama. Mtoto mmoja wa kike akalia kwa kumhurumia swala. Mjomba akamwacha alie.

Sikuwa na picha hata moja ya kuuza. Lakini njia nzima ya kurudi, hadi Lamadi na kuvuka Bariadi, watoto wale walikuwa wanasimulia. Safari nyingine zote gari hunyamaza jioni, kila mmoja ameinamia kioo chake. Wazazi wakaniambia baadaye kwamba watoto walifika nyumbani na habari yenye mwanzo, katikati na mwisho. Mjomba naye aliniambia neno ambalo nimelishika: "Mjomba, wewe una macho mazuri. Usiyaazime kwa simu."

Tangu hapo nikaanza kuchunguza kazi yangu mwenyewe, na nikagundua jambo ambalo fundi yeyote wa picha anaweza kulithibitisha. Lenzi kuu ya simu ni pana. Imetengenezwa kwa ajili ya watu walio hatua chache mbele yako, au chumba kizima cha harusi. Duma aliye mita mia mbili huonekana ndani yake kama punje. Ukivuta kwa vidole, mara nyingi simu inakata kipande cha picha na kukipanua, ndiyo maana simba anatoka na ukungu. Mwenye lenzi ndefu ya milimita 400 anaweza kukaa mbali, kazi yake ikawa safi. Mwenye simu hawezi, basi analiomba gari lifanye kazi ya lenzi. Hapo ndipo msukumo wote wa kusogea unapoanzia. Si ukorofi wa watu, wala si tamaa ya dereva peke yake. Ni chombo kifupi mikononi mwa watu wengi, kila mmoja akitaka picha yake mwenyewe ya mnyama yuleyule.

Gharama yake anailipa mnyama. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara nchini Kenya, ambako ni mfumo ikolojia mmoja na Serengeti yetu. Katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kukuza kwa wastani watoto 0.21 hadi kujitegemea. Kwenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.32. Soma tena namba hizo mbili. Duma huwinda zaidi mchana, kwa macho, na hutegemea kumkaribia windo bila kuonekana. Magari kumi yakimzunguka, nani asimwone? Akikosa windo leo na kesho, watoto ndio wanaokufa kwanza.

Julai 2025 dunia nzima iliona jambo hilo kwa nyumbu. Video zilizosambaa kutoka Kogatende, ndani ya Serengeti, kwenye Mto Mara, zilionyesha watalii wameteremka magarini na kujazana ukingoni, simu juu, palepale nyumbu walipotaka kupita. Nyumbu hufika mtoni wakiwa na woga tayari, kwa sababu ya mamba na maji. Wakikuta ukuta wa watu hurudi nyuma, au hujirusha mahali penye ukingo mkali. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilikemea kitendo hicho na kukumbusha kanuni ambazo zipo siku zote: mgeni asishuke kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, gari lisitoke barabarani, wanyama wasisumbuliwe. Napenda tukumbuke pia kwamba aliyefichua tukio lile naye alikuwa na kamera, mwongoza safari aliyechukizwa akawarekodi wenzake. Chombo hicho kinaweza kuharibu na kinaweza kushuhudia.

Na Serengeti ina deni kubwa kwa kamera. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kutoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950, wakawa wanaruka na ndege ndogo iliyopakwa michirizi ya punda milia. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar, na ikaifanya dunia ijali nyanda hizi. Lakini watu wale walikuja kwanza kuhesabu wanyama na kufuatilia mienendo ya makundi, ili wajue mipaka ya hifadhi inafaa kupita wapi. Picha ilitoka katika kutazama kwao.

Wenzetu wa mbali nao wamelazimika kuweka mipaka. Disney ilipiga marufuku vijiti vya selfi katika bustani zake za burudani mwaka 2015, kwa ajili ya usalama wa watu. Kule anayeumia ni mwenye simu au jirani yake kwenye bembea. Huku anayeumia hana mdomo wa kulalamika.

Hata kwenye ngoma zetu naliona jambo hili. Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, kila mwaka hufanyika sherehe ya ngoma ya Bulabo, na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza. Anayeshinda hupimwa kwa umati aliouvuta. Siku hizi umati unavutwa, lakini mikono inayotakiwa kupiga makofi imeshika simu, na mzee aliyekaa nyuma anaona migongo na vioo. Mchezaji aliyejiandaa mwaka mzima anastahili kuonwa uso kwa uso. Hilo linaniuma, ingawa ngoma haifi kwa sababu yake. Duma hufa.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Picha ya pamoja tunapiga langoni, nzuri, watu wamesimama vizuri na kibao nyuma yao, na hiyo ndiyo ya bibi nyumbani. Ndani ya gari kamera ni moja, yangu, na kila mtu anajua atapewa nakala kwenye kundi la WhatsApp jioni. Kujua hilo tu kunawatuliza. Natembea na darubini mbili, na nimejifunza kuweka jicho la simu kwenye kioo cha darubini. Ukitulia inatoa picha ya simba ambayo vidole haviwezi kuivuta. Watoto wenye simu wakiomba kupiga nao, nawaambia wachague kitu kimoja wakipige kwa makini: sikio la tembo lililochanika, nyayo kwenye tope, mdomo wa ndege. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwapima wanafunzi wa chuo waliotembezwa kwenye makumbusho na kuchapisha matokeo yake mwaka 2014: waliopiga picha za vitu vizima walivikumbuka kidogo kuliko waliovitazama tu, lakini waliovuta sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu. Mjomba hakuhitaji utafiti huo. Mimi ulinisaidia kujibu wazazi wanaouliza kwa nini mtoto karudi na picha tatu.

Wapo wateja walioniacha. Mtu anayetaka video ya simba akilamba kioo cha gari ana wapiga picha wengine wa kuwaita, na simlaumu. Shule zimeongezeka, na walimu wananiambia wanachokitaka ni ile hali ya gari kuzimwa na watoto kubishana kwa kunong'ona.

Madereva wetu wanahitaji msaada katika hili. Dereva anajua kanuni kuliko abiria. Anasogea kwa sababu anaogopa kwamba wageni wakikosa picha ya karibu watanuna, watamsema vibaya kwa tajiri wake, na bakshishi itapungua. Kwa hiyo ombi langu kwako unayepanga kuja Serengeti, iwe kwa Coaster ya shule au kwa gari la kitalii: mkiwa bado kwenye maegesho ya lango, mwambie dereva wako kwa sauti, wenzako wakisikia, kwamba mtakaa mbali na mnyama na kwamba shukrani yake haitapungua hata mkirudi bila picha. Kisha jioni mpe shukrani hiyo kamili.