Dadangu, Nimekosea Nambari
Siku ya mchango wa chama chetu, baada ya sala ya alasiri, mweka hazina alipata ujumbe kuwa ameingiziwa shilingi 4,500. Punde akapigiwa simu na mwanamke aliyekuwa akilia: "Dadangu, nimekosea nambari. Hizo ni za dawa za mtoto." Tulimhurumia. Hakuna aliyetazama salio. Ujumbe ule ulitoka kwenye nambari ya mtu, si kwa M-Pesa, na fedha tulizotuma zilikuwa karo ya yatima tunayemsomesha. Aliyekosea kweli huupeleka ujumbe wake wa muamala kwa 456, akangoja huko. Tulizifidia kwa miezi miwili. Mweka hazina hatukumlaumu, ni sisi tuliomhimiza, "Mrudishie, mwana wa watu asiteseke."