Yatima Hahitaji Unga Peke Yake

Kila ifikapo Shaabani huketi barazani pa msikiti wetu hapa Kilwa nikiwa na daftari la mayatima. Kazi ya katibu wa kamati ni kuandika: jina, umri, mlezi, kilo za unga, kilo za sukari, kisha alama ya kuonyesha kwamba amepokea. Kwa miaka kadhaa niliamini kuwa daftari likijaa alama, amana imetimizwa.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja kuchukua fungu la mjukuu wake wa miaka 8. Baba wa mtoto alifia baharini, na mama akafuata. Bibi alishukuru, kisha akasema: "Mwanangu, chakula anapata. Ila hana wa kuongozana naye. Wenzake wanakwenda pwani na baba zao na kaka zao, yeye anabaki kizingitini." Nikamwambia avute subira, Inshaallah Mwenyezi Mungu atafungua njia. Nikaweka alama, nikamwita aliyefuata.

Neno lile lilinirudia nilipokuwa nasoma kitabu cha mambo ya wanyama nilichoazimwa na mwalimu mmoja wa sekondari. Sisi wa huku nyani tunawajua kuwa ni wezi wa mahindi. Utotoni tulitumwa shambani kuwafukuza, si kuwatazama. Kumbe wapo waliotoa umri wao kuwatazama wanyama wa jamii hiyo. Huko Gombe, mkoani Kigoma, Jane Goodall alianza mwaka 1960 kuwafuatilia sokwe mmoja mmoja, akiwapa majina na kuandika nani yuko na nani. Kwa kufuatilia vizazi, watafiti waliona jinsi tabia ya kuishi pamoja inavyojengeka: mtoto hunyonya hadi miaka 4 au 5, kisha huendelea kuandamana na mama kwa miaka mingine, akijifunza chakula, michezo na adabu mbele ya wakubwa.

Mwaka 1972 alikufa sokwe mzee aliyeitwa Flo. Mwanawe Flint alikuwa na miaka 8, ameshaachishwa ziwa, na msitu haukumnyima chakula. Lakini alijitenga, akaacha kula, akaugua, na wiki chache baadaye naye akafa.

Mwaka 1987 ikawa kinyume chake. Maradhi ya mapafu yaliua sokwe kadhaa, akabaki Mel, wa miaka 3 tu, dhaifu na bila mama. Akatokea Spindle, kijana wa miaka 12, asiye ndugu yake wa karibu, ambaye naye alifiwa na mama katika maradhi yaleyale. Akambeba mgongoni, akamlaza kiotani mwake, akamgawia chakula, na madume wakubwa walipochachamaa alimwondoa njiani, ingawa yeye mwenyewe angeweza kupigwa. Mel akaishi.

Watafiti huyaeleza haya kwa nadharia ya mageuzi, na Muislamu ana itikadi yake juu ya kuumbwa kwa Adam. Lakini yaliyoonekana kwa macho yanatukumbusha Surat Al-An'aam, aya ya 38, inayotufundisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Aya hiyo niliihifadhi chuoni na kuifanyia mtihani. Sikuwahi kuiacha inihoji.

Nilimkumbuka yule mtoto wa kizingitini, nikaona haya. Kijana wa sokwe alilitenda jambo ambalo mimi, mwenye cheti cha elimu ya dini, nililiahirisha kwa Inshaallah iliyokuwa kisingizio.

Nilikwenda kwa bibi baada ya Alasiri. Siku ya kwanza mtoto hakuniitikia salamu. Siku ya tatu alinifuata hadi msikitini, akasimama pembeni yangu katika safu. Sasa huketi nami kila baada ya Magharibi; bado hasemi mengi, lakini nikichelewa huuliza.

Mwaka huu nimeongeza safu moja daftarini, baada ya ile ya unga: "Nani yuko naye?" Baadhi ya wanakamati wameandika majina yao. Nafasi nyingi bado ziko wazi. Ndugu msomaji, litazame daftari la mtaa wako, kisha umtazame mtoto mwenyewe. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.