Utafiti Uliowekwa Karantini

Mwaka 2013 steshenari yangu hapa Morogoro ilikaribia kufungwa, na kilichonielemea hakikuwa kodi ya fremu wala bei ya karatasi. Vilikuwa ni virusi vya kompyuta. Wanachuo walikuja na kazi zao kwenye flashi, wakachomeka, wakaprinti, wakaondoka. Kesho yake mmoja anarudi macho mekundu: "Dada, mashine zako zimekula kazi yangu." Msimu wa kukusanya ripoti za utafiti, maneno hayo yakishafika hosteli, wateja wanahamia duka la pili.

Fundi niliyekuwa namtegemea alikuwa na dawa moja tu: kupiga windo upya. Nalipa, mashine zinawaka safi, na baada ya siku chache tuko palepale. Isingewezekana iwe vinginevyo, maana maradhi yalikuwa yanaingia kila saa kwa mikono ya wateja wenyewe. Kompyuta zangu zilitumia Windows XP, hazikuwa na intaneti ya uhakika, na antivairasi isiyosasishwa mara nyingi haivitambui virusi vilivyotengenezwa jana. Nililala nikiwaza madeni, nikaamka nikiwaza madeni.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu mmoja wa kompyuta, mteja wangu wa siku nyingi. Alianza na flashi zilizoonekana tupu. Alinionyesha kuwa flashi inaonekana haina kitu, lakini nafasi iliyotumika bado ni kubwa. Kumbe kirusi kilikuwa kimeyaficha mafolda halisi na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Mtu akibofya shotikati, folda linafunguka na kirusi kinaamka papo hapo. Antivairasi ikishaziondoa shotikati, mteja haoni chochote, anaamini kazi imefutwa. Mwalimu aliandika amri moja fupi, attrib -h -r -s /s /d, na mafolda yakajitokeza yote. Nilikaa kwenye kiti nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini hayo yalikuwa mafaili yaliyofichwa tu. Yapo mengine ambayo kweli hayakuwepo kwenye flashi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo wenye maduka wengi hawajaambiwa.

Antivairasi ikikuta faili lenye kirusi na ikashindwa kulisafisha, mara nyingi haiharakishi kulifuta. Hulitoa mahali lilipokuwa, hulibadilisha kwa namna ambayo haliwezi kujiendesha, kisha hulifungia kwenye folda lake maalumu. Hiyo ndiyo karantini. Huandika pia jina la faili, lilikotoka, siku liliposhikwa na kirusi kilichokutwa ndani. Sasa sikiliza vizuri: faili la flashi likishikwa, kwa kawaida karantini yake inakuwa ndani ya kompyuta iliyolishika. Mteja anaondoka na flashi isiyo na kazi, na kazi yenyewe imebaki dukani. Na kila fundi alipofuta diski ili apige windo, aliteketeza na kazi hizo. Nilipolielewa hilo nililia, kwa sababu nilizikumbuka sura za vijana waliokuwa wamesimama mbele yangu.

Siku zilezile alikuja binti wa mwaka wa tatu. Utafiti wake mzima ulikuwa faili moja la Word, hana nakala nyingine, na antivairasi ya dukani ilikuwa imelishika. "Mdogo wangu, kaa kwanza, usilie," nikamwambia, nikampigia mwalimu. Fundi alikuwa aje jioni hiyohiyo kupiga windo, nikamzuia.

Tulifungua orodha ya karantini, faili likaonekana. Mwalimu alisasisha antivairasi kwa faili alilokuja nalo, maana sasisho jipya wakati mwingine huweza kusafisha kile kilichoshindikana mwanzoni. Halikusafishika. Akachomoa waya wa mtandao, akaiambia antivairasi iache kulinda folda moja tu, akalirejesha faili humo bila kulifungua, kisha akarudisha ulinzi na kulifungua faili kwenye laptopu yake ya Ubuntu, kwa LibreOffice iliyozuiwa kuendesha makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Kirusi kilichokutwa humo kilikuwa cha aina inayokaa kwenye makro, si kwenye maneno aliyoyaandika mtu. Alipolihifadhi upya kwa mfumo wa docx, ambao haubebi makro kabisa, maneno yalibaki na kirusi kikabaki nyuma. Binti alikusanya kazi yake akiwa ndani ya muda.

Mwalimu alinisisitizia pia kuwa antivairasi nayo hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee liliidhania svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikaishia kujizima na kuwaka mfululizo. Kwa hiyo tangu hapo sifuti cha karantini kwa hasira wala sikirejeshi kwa huruma. Naangalia kwanza ni faili la nani na ni la aina gani. Programu isiyojulikana ilikotoka, hasa ile ya kuvunjia leseni, naifuta bila kujadiliana na mtu. Kazi ya mteja naiacha ilipo mpaka mwenyewe aje.

Duka lipo mpaka leo. Ndugu mwenye steshenari, kabla fundi hajagusa diski, fungua karantini usome majina yaliyomo, na uwapigie simu wenye kazi zao. Usiache kuangalia ukidhani muda upo, kwa kuwa baadhi ya antivairasi zenyewe huifuta karantini baada ya muda. Na wewe mwanafunzi, weka nakala ya utafiti wako kwenye barua pepe leo hii, kabla hujaichomeka flashi hiyo kwenye mashine ya mtu mwingine.