Kobe wa Kamachumu na nusu ukurasa wangu

Najua nimepotea. Karibu mwezi mzima sijaandika kitu humu, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimehamia gazeti jingine au nimeoa. Si hili wala lile. Nilikwenda nyumbani Kagera, nikarudi na jambo ambalo limenikaa rohoni hadi leo. Nimeona bora niliseme.

Jambo lenyewe ni kobe. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa tumalize.

Mwaka jana mhariri wangu alibakiwa na nafasi ya nusu ukurasa kwenye toleo la Jumapili. Tangazo lilikuwa limeondolewa jioni, mtambo unasubiri. Akaniambia, "Kijana, tafuta kitu chepesi, watu wafurahi." Nikaingia kwenye intaneti, nikakuta makala ndefu ya Mmarekani mmoja juu ya mijusi, nyoka, vinyonga na kobe wanaofugwa majumbani kwao. Nikaitafsiri kwa saa mbili, nikaipa kichwa cha kuvutia, nikaenda zangu kula chipsi. Nilijiona nshomile kwelikweli. (Wasio Wahaya: nshomile ni "nimesoma". Ni neno la kututania, na mara nyingi tunastahili.)

Kwenye sehemu ya kobe niliandika hivi: mpe matunda kwa wingi, hasa ndizi na papai. Usimwache kwenye ukavu, nyunyizia maji sakafu ya banda lake asubuhi na jioni. Mweke kivulini. Basi.

Mwezi uliopita nikapanda meli Mwanza usiku, asubuhi nikashuka Bukoba kwenye mvua ileile ninayoijua tangu utoto. Nikachukua gari la Muleba, nikashukia njiani, nikapanda bodaboda kwenda Kamachumu kwa dada yangu. Kamachumu ni juu, ni migomba na kahawa mpaka macho yachoke, na ubaridi wake unahitaji sweta. Kabla sijamaliza kusalimia, mpwa wangu wa miaka 11 akanivuta mkono. "Mjomba, njoo umwone Meja!"

Meja alikuwa kobe wa ukubwa wa sahani ya wali, gamba la manjano lenye mabaka meusi kama kombati ya jeshi, ndiyo maana ya jina. Dereva wa Fuso la mchele alikuwa amemwokota Shinyanga, akamtoboa tundu pembeni mwa gamba na kupitisha waya, akamleta kama zawadi kwa watoto wa dada. Banda lake lilikuwa chini ya mgomba, safi, limejengwa kwa matofali na bati. Sakafu ilikuwa imelowa. Ndani kulikuwa na ndizi mbivu zilizomenywa na vipande vya papai. Na kwenye ukuta wa matofali, imebandikwa kwa uji wa unga na kufunikwa nailoni isilowe, ilikuwepo nusu ukurasa yangu. Jina langu chini yake.

"Nafanya kila kitu ulichoandika," akasema.

Meja alikuwa ameinua shingo, amepanua mdomo, anavuta pumzi kama mzee mwenye pumu. Puani mapovu. Macho yamevimba hayafunguki vizuri. Nikamgeuza, nikabonyeza gamba la tumboni kwa kidole gumba, likabonyea kidogo. Gamba la kobe wa ukubwa ule halipaswi kubonyea. Sikujua jina la ugonjwa, lakini sikuhitaji kuambiwa kwamba anakufa.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na simu kitandani, mtandao unakuja na kupotea, nikaitafuta ile makala ya Kimarekani hadi nikaipata. Safari hii niliisoma. Yule Mmarekani hakuandika "kobe" tu. Aliandika juu ya kobe fulani wa Amerika Kusini, mwenye madoa mekundu miguuni, anayepatikana kwenye misitu na maeneo yenye unyevu na ambaye kweli hula matunda mengi. Aina nyingine aliwataja mbalimbali, kila mmoja na mahitaji yake. Mimi kwa haraka zangu nilichukua aya moja, nikaandika "kobe", nikasonga mbele.

Kiswahili chetu nacho kina mtego hapo. Wa baharini tuna jina lake, kasa. Wa nchi kavu karibu wote ni kobe. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu pale Zanzibar, ambao asili yao ni wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni kobe. Yule bapa kama chapati anayejibana kwenye nyufa za miamba huku bara, ambaye tangu 2019 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imezuiwa, ni kobe. Meja naye ni kobe. Ukiwalisha wote sahani moja utawazika wengi wao.

Meja ni kobe wa nyika, yule mwenye madoa kama ya chui. Chakula chake ni majani: nyasi mbichi na kavu, magugu, majani ya mpungate. Tumbo lake limeumbwa kusaga nyuzinyuzi pole pole. Ukimjaza matunda matamu yanachachuka tumboni na anaharisha. Tena ndizi haina chokaa ya kutosha kujenga gamba, na hata akila chokaa, mwili wake hauwezi kuitumia vizuri bila vitamini D anayoitengeneza kwa kuota jua. Sasa jua lenyewe mimi nilimwagiza mtoto amnyime. Halafu ule unyevu. Bukoba tunapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Shinyanga haipati hata nusu ya hiyo. Kobe wa nyika akikaa kwenye baridi na matope mapafu yanashikwa, na kwa kuwa joto la mwili wake hutoka nje, akipoa hata kinga yake inalala. Sisi tunamwagia maji asubuhi na jioni!

Nisiwe mnafiki, ile makala haikukosea kobe peke yake. Niliandika kwamba kinyonga ni "rahisi kufuga". Kinyonga! Yule hanywi maji kwenye bakuli. Wengi wao hulamba matone kwenye majani, kwa hiyo unaweza kumwekea kisahani kizuri na akafa kwa kiu mbele yako. Anataka wadudu walio hai. Msimu wa senene tungeweza kumlisha vizuri kabisa hapa Kagera, ingawa simjui Mhaya atakayekubali kugawana senene na kinyonga. Na hapendi jirani: ukiwaweka wawili wakawa wanaonana kutwa, huishi kwa wasiwasi mpaka wanadhoofu. Mijusi yetu ya Mwanza, ile dume yenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu, huko Ulaya wanaiita Spider-Man na kuifuga kwenye masanduku ya vioo yenye taa za joto. Mimi huiona bure kwenye mawe nikitoka kazini, imejianika juani, na nadhani hiyo ndiyo namna bora ya kuwa nayo. Mjusi kafiri wa ukutani tayari unamfuga bila kujua, na hataki chochote kwako zaidi ya mbu.

Chatu niliwapa sentensi mbili tu, na hao ndio wenye historia upande wetu huu. Ukivuka mpaka kuingia Buddu, Uganda, zamani kulikuwa na hekalu la Selwanga, mungu chatu wa Waganda, karibu na ziwa. Mmishenari John Roscoe alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1911: mwanamke mlinzi alikuwa akimpa yule chatu maziwa, na watu walifunga kuku na mbuzi ukingoni mwa mto kwa ajili yake. Chatu haishi kwa maziwa, jamani. Waliomweka hai ni kuku na mbuzi. Lakini maziwa ndiyo heshima, na mgeni wa heshima hupewa cha heshima. Nimelifikiria sana hilo. Mpwa wangu alimpa Meja ndizi nzuri kuliko alizokula yeye.

Asubuhi nilimweleza ukweli. Nilitaka kuzunguka, niseme kwamba ni hali ya hewa, ni huyo dereva. Nikashindwa, maana karatasi ilikuwa pale ukutani. Nikamwambia, "Mjomba wako aliandika kitu asichokijua." Hakulia. Aliniangalia tu kwa muda, kisha akauliza, "Lakini si kilikuwa gazetini?"

Hilo swali, ndugu zangu wanahabari mnaosoma hapa, mlijibu ninyi. Mimi sikuweza.

Tulimpeleka Meja kwa daktari wa mifugo, ndani ya kapu, amefungwa kwa kanga ya dada. Daktari akasema ametibu ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mbwa wa padri, kobe hajawahi. Ila hakutufukuza. Akampigia mwenzake waliyesoma naye SUA, Morogoro, wakaongea robo saa nzima. Tukampima Meja kwenye mizani ya kahawa. Akachomwa sindano kwenye mguu wa mbele, kwa sababu, tulivyoelezwa, dawa ikichomwa nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla haijazunguka mwilini. Lakini akasisitiza kwamba bila joto sindano ni kazi bure. Mtoto akakariri masharti: sehemu kavu, joto, jua kila likitoka, nyasi, maganda ya mayai yaliyosagwa, maji kidogo kwenye kisahani kifupi asizame.

Dada akatoa kona ya jiko la nje isiyofikiwa na moshi. Tukatandika nyasi kavu, usiku tukamwekea dumu la lita tano la maji ya moto lililofungwa kwenye gunia, na kila baada ya saa nne mtu anaamka kulibadilisha. Waya tulikata. Watu hudhani gamba ni kama kucha. Si kweli, ni mfupa ulio hai, wenye damu na hisia, na lile tundu lilikuwa limeanza kutoa harufu.

Siku ya tatu likaja jambo jingine, na hili nalo mwandishi mzima nilikuwa sijalisema kwenye nusu ukurasa wangu. Jirani aliyekuja kuazima jembe akamwona Meja, akatikisa kichwa: "Waitu, mtafungwa kwa ajili ya kobe?" Hakukosea sana. Kobe wa porini ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumweka nyumbani bila kibali, hata kama uliletewa zawadi na unampenda kama mwanao. Mimi nilikuwa nikikumbuka marufuku ya mwaka 2016 ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, nikadhani sheria ni ya wale wanaojaza vinyonga kwenye masanduku uwanja wa ndege. Kumbe inafika mpaka Kamachumu chini ya mgomba.

Dada akataka tumtupe porini usiku huohuo, yaishe. Shemeji akakubaliana naye. Nikawaambia porini gani? Rweya zetu zinalowa vilevile, si kwao, na akiwa na mafua yake atawaambukiza kobe wengine tulio nao. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Mwishoni nilijitolea kupiga simu kwa ofisi ya wanyamapori mwenyewe na kueleza kila kitu, pamoja na makala. Kama kuna wa kulaumiwa, jina lake lilikuwa limechapishwa.

Ofisa alikuja baada ya siku nne. Nilitegemea bunduki na karipio. Alikuja kijana wa rika langu na pikapu yenye matope, akasikiliza, akaandika maelezo yetu, akamtoa nailoni ile nusu ukurasa na kuisoma yote akiwa amesimama. Aliponirudishia hakusema neno. Angesema ningeumia kidogo.

Meja alikuwa bado anapumua kwa kelele, ila jicho moja lilikuwa limefunguka na asubuhi ile alikuwa ameuma nyasi mara tatu. Mpwa wangu alihesabu. Ofisa alisema atatibiwa kwanza, akipona arudishwe upande wa nyika alikotoka. Akamweka kwenye boksi la katoni lenye matundu.

Mtoto akakimbilia nyuma ya nyumba, akarudi na mfuko wa rambo umejaa nyasi na kopo la maganda ya mayai aliyosaga mwenyewe. Akavipitisha dirishani kwenye pikapu.

"Afande, huyu ni wa nyika," akamwambia. "Usimlaze penye maji. Na usimpe ndizi, hata akiomba."

Gari lilipoondoka akarudi bandani na kisu cha jikoni, akaanza kubandua gazeti ukutani. Uji ulikuwa umeshika, likatoka vipande vipande.