Fyuzi ya Karatasi

Katika nyumba za walimu wastaafu wa rika langu utakuta vitu ambavyo havifanyi kazi na ambavyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuvitupa. Kuna redio ya Philips isiyosema, taa ya chemli isiyo na kioo, saa ya mezani iliyosimama tangu enzi za vita vya Kagera. Mke wangu huviita makaburi, nami sibishani naye. Lakini kitu ninachotaka kumsimulia msomaji hakikuwa nyumbani kwangu. Kilikuwa Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya kitanda cha shemeji yangu, mjane wa rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu. Kilikuwa amplifaya ya gitaa, ya valvu, iliyotengenezwa Uingereza, nzito kama gunia la nusu la mahindi.

Tuliingia chuoni mwaka 1971. Wakati huo gitaa la umeme lilikuwa limekwisha kuteka roho za vijana wa nchi nzima. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa wamerudi kutoka Japani, walikokwenda kupiga katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, na kwetu Mara tulijivunia Mara Jazz wa Musoma. Wazee wa Kikurya walitutazama kwa huruma. Litungu lao lina nyuzi nane na kibuyu cha mbao, halihitaji waya wala jenereta, na mpigaji mmoja hodari hushika mkutano mzima tangu jua linapozama. Sisi tulitaka kelele ya kisasa. Rafiki yangu alikuwa mpigaji wa solo, na alipoanza kupata mshahara aliinunua amplifaya hiyo kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, akailipa kwa miezi kumi na minne. Nakumbuka idadi hiyo kwa sababu katika miezi yote hiyo alikuwa akila kwangu.

Bendi yao ilikuwa ya walimu na makarani, ikipiga mwisho wa mwezi, Tarime, Sirari, mara nyingine Mugumu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilipoamriwa kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani, sisi walimu tulifanya kazi ya punda. Jioni moja ya muziki kwa mwezi haikuwa anasa.

Mkesha wa mwaka mpya, 1986 kuingia 1987, wakipiga Sirari kwa umeme wa jenereta, amplifaya ilinyamaza katikati ya wimbo. Ikatoa moshi na harufu ya lami iliyoungua. Aliyekuwa ameiunganisha na jenereta jioni ile ni mpiga besi. Rafiki yangu alisema mbele ya watu kwamba mwenzake amemuulia chombo kwa kuongeza kasi ya jenereta. Mpiga besi alikana. Maneno yakavuka mipaka, wakaingizwa na wazazi, na kwetu neno likishafika kwa wazazi ni gumu kulirudisha. Bendi ilikufa usiku ule. Watu wawili waliokuwa wakilala nyumba moja wakaishi miaka zaidi ya ishirini bila kupeana mkono, na mmoja akafa mwaka 2011 bila mwingine kufika msibani. Mimi nilikuwa rafiki wa wote wawili. Anayejua nafasi hiyo hahitaji kuelezwa.

Basi mwaka 2022 shemeji alinipigia simu. Kijana wake mkubwa alikuwa amekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Bei yenyewe ilikuwa ya kuku wawili. Mnunuzi alitaka shaba iliyomo ndani, basi. Binti yake mdogo, anayepiga gitaa kanisani, alikuwa akilia. Kijana alisema, "Kitu hiki kilikufa kabla ya baba, mnakifuga cha nini?" Shemeji akaniuliza, "Mwalimu, kinaweza kupona? Kama hakiponi nitamwachia."

Nikapanda gari, nikakifuata. Tuliuvuka Mto Mara tukarudi nacho Tarime kimefungwa kwa khanga kama mgonjwa.

Fundi niliyempelekea husuka mota za mashine za kusaga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1984 katika shule niliyokuwa nikiiongoza, na hakuchaguliwa kwenda sekondari, kama wengi sana wa miaka ile, maana nafasi zilikuwa chache kuliko vidole vya mkono. Aliniamkia, akafungua mgongo wa sanduku, na kabla ya kugusa lolote akaweka mkono wa kushoto mfukoni. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, ndani ya hivi vyombo kuna volti zaidi ya mia tatu, na kapasita huweza kuzihifadhi hata waya ukishachomolewa. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeme haupati njia ya kupita kifuani." Chombo kilikuwa kimelala miaka thelathini na mitano, lakini hakukipa heshima pungufu.

Kwanza alichomoa valvu zote. Akazifungua nyaya zote za kutokea za transfoma, zile zinazopeleka umeme kwenye valvu, ili transfoma ibaki peke yake bila mzigo wowote. Kisha akaiunganisha na umeme wa nyumba kupitia taa ya kawaida ya wati 60. Transfoma nzima isiyo na mzigo huvuta umeme kidogo tu, na taa hufifia au haiwaki kabisa. Taa ile iliwaka kama iliyo darini. Maana yake ndani ya msuko nyaya zilikuwa zimeungua vanishi yake na kugusana. Transfoma ilikuwa imekufa, hakukuwa na ubishi.

Huenda wengine wangesimama hapo wakaagiza nyingine. Zipo, viwanda vya nje bado vinatengeneza transfoma za amplifaya za valvu, kwa kuwa wapenzi wa sauti ile hawajaisha duniani. Lakini ni kipande cha chuma, na husafirishwa kwa bei ya chuma. (Tanzania nasi tunatengeneza transfoma, pale Arusha, kiwanda cha TANELEC, tangu 1981, ila hizo ni za kukaa juu ya nguzo.) Fundi alisema ataisuka upya. Ila akakataa kuanza. "Kwanza tujue kilichoiua. Nikiweka mpya na muuaji bado yumo ndani, ataiua na hiyo."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi yule, mtoto aliyekuwa akichelewa kutoa daftari kwa sababu alirudia kila hesabu mara mbili.

Muuaji alikuwa kapasita kubwa ya kuchuja umeme, iliyokuwa imevimba na kuvuja. Kapasita za aina ile zina dawa ya majimaji ambayo hukauka au kuharibika kwa miaka, na ikiharibika hupitisha umeme mahali isipotakiwa. Transfoma hulazimika kutoa zaidi ya uwezo wake, ikachemka. Lakini mtengenezaji aliliona jambo hilo, akaweka fyuzi: uzi mwembamba unaokatika kabla kitu cha thamani hakijaungua. Fundi akazungusha kifuniko cha fyuzi, akakichomoa, akanyamaza. Kisha akaniita niweke miwani.

Fyuzi ilikuwa imekatika zamani. Juu yake ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mikunjo mitatu, imebanwa vizuri kwa mkono wa mtu mwenye subira.

Msomaji aliyeishi miaka ile ya uhaba, kati ya mwaka 1979 na katikati ya miaka ya themanini, hatashangaa. Sabuni ilikuwa haipatikani, sembuse fyuzi ya amplifaya. Kila mtu alifanya hivyo, na muziki uliendelea. Ila karatasi ile haikatiki. Ilipofika zamu yake ya kufa, ilikataa, na transfoma ikafa badala yake.

Nikamuuliza fundi swali nililokuwa nimelibeba tangu Mugumu. Je, jenereta yaweza kuwa ndiyo iliyofanya hivi? Hakujibu haraka. Alijaribu valvu moja baada ya nyingine, zote nyuzi zake za ndani zilikuwa nzima. Akaufungua msuko safu kwa safu. Ule wa nje, wa volti 6.3 unaopasha valvu joto, ulikuwa na rangi yake. Ule wa ndani kabisa, unaopokea umeme wa ukutani, ulikuwa umekauka vanishi lakini haukuungua. Wa katikati, wa volti kubwa, ulikuwa mkaa. "Mwalimu, mimi siwezi kuapa," akasema. "Lakini kama jenereta ingepandisha umeme kiasi cha kuchoma hivi, valvu zisingepona zote. Huu umechomwa na mzigo wa upande wa ndani. Ni hiyo kapasita na hiyo karatasi."

Kazi ya kusuka ilichukua wiki mbili, nami nilikwenda karibu kila siku kumkaidi mke wangu. Hesabu yake ni ya darasa la sita. Alihesabu mizunguko ya msuko wa kupokea umeme alipokuwa akiufungua: 960, kwa volti 240. Kwa hiyo ni mizunguko minne kwa kila volti. Msuko wa volti 6.3 ungehitaji 25 na kitu, lakini alikuta 26, kwa sababu volti hushuka kidogo mzigo unapowekwa na lazima ifidiwe. Kwa kipimo hicho akakadiria ule ulioungua: mizunguko 1,140 kila upande, kwa volti 275. Tukajumlisha pia mzigo wa valvu: mbili za mwisho ampea 0.76 kila moja, tatu ndogo ampea 0.3 kila moja, jumla 2.42, naye akachagua waya wa kubeba zaidi ya hapo. Waya mnene alikuwa nao wa mota. Ule mwembamba kuliko uzi wa cherehani haukuwepo Tarime. Uliletwa na dereva kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ukapitia Isebania. Alisuka safu na karatasi, safu na karatasi, akihesabu kwa mdomo, na mtu akimsalimu katikati hakuitikia. Kisha akarudisha mabati yake, moja baada ya jingine, akatumbukiza yote kwenye vanishi na kuianika. Akaweka kapasita mpya. Akaweka fyuzi, fyuzi ya kweli, na nyingine mbili za akiba akazibandika kwa gundi ndani ya sanduku. Ujira wake ulifika bei ya mbuzi mzuri. Nililipa bila kupunguza hata shilingi.

Ile karatasi ya sigara niliiomba. Niliikunja ndani ya bahasha.

Siku mbili nilikaa nayo. Nani aliiweka? Waliokishika chombo kile ni wengi, na huenda ni marehemu mwenyewe. Kumzushia mtu aliye kaburini si kazi yangu, na kumwacha aliye hai na mzigo usio wake si kazi yangu pia. Siku ya tatu nikaenda kijijini kwa mpiga besi, nje ya mji wa Tarime. Ni mzee sasa, ana fimbo, sikio la kulia halisikii. Nikamwekea bahasha mkononi na kumweleza yote, pamoja na yale ambayo fundi alikataa kuyaapia. Aliikunjua karatasi juu ya goti. Akauliza jambo moja tu.

"Aliwahi kujua?"

"Hapana," nikasema.

Alikaa muda mrefu akitazama ng'ombe wakirudi. Kisha akauliza gari la Mugumu huondoka saa ngapi.

Tulifika Jumamosi. Shemeji alitoka mlangoni, akamwona aliyesimama nyuma yangu, akarudi ndani. Nilidhani ametukataa. Akatoka tena amejifunga khanga safi, akamsalimia kwa jina la ubatizo ambalo mumewe alikuwa akilitumia zamani, kabla ya Sirari. Kijana mkubwa ndiye aliyebeba amplifaya kuiingiza sebuleni. Binti akachomeka gitaa. Valvu huchukua karibu nusu dakika kupata joto, na katika nusu dakika hiyo hakuna aliyezungumza. Kisha ukasikika mvumo mdogo, wa chini, ule ule.

Mzee akaomba kiti, akakisogeza karibu na spika, upande wa sikio linalosikia.