Mapenzi Peke Yake Hayatoshi

Jioni moja ya Ramadhani, tumekwisha kufuturu, mjukuu wangu wa miaka miwili alivuta kitambaa cha meza, birika la chai likammwagikia mkononi. Mbio nikaifuata samli, kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Binti yangu akanizuia mbele ya wageni: "Mama, samli itaufungia moto ndani!" Akamvua mtoto bangili upesi, akautia mkono chini ya mfereji wa maji dakika 20 kwa saa ya ukutani, na mwili akaufunika nguo asipatwe na baridi. Kisha akauwekea kitambaa safi, wakaenda hospitali.

Mkono ulipona. Siku ile niliona haya, leo nashukuru. Samli, dawa ya meno, unga, barafu: vyote niliwatilia wanangu nikidhani nawatibu, kumbe nawazidishia.

Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana hailindwi kwa machozi. Msalaba Mwekundu hufunza huduma ya kwanza. Basi mzazi mwenzangu, nenda ukajifunze, wala usione haya kufundishwa na mwanao. Ukishajua la kufanya, ndipo utawakali.