Sumaku Haisukumi, Inakata Kona

Wadau, leo hakuna vichekesho. Nyanya yangu, pale Kibokoni, aligoma kwenda kupigwa mionzi Coast General. Daktari ashasema, familia ishalia, yeye hataki. "Na huo moto ukipotea njia?" Halafu akaniangalia mimi, eti ndiye niliyesomea umeme chuo kikuu. Mimi nilitoka mwaka wa pili, karo ilipokatika. Kwa nyanya bado ni injinia. Wallahi niliona haya.

Nikaenda kwa ami yangu, fundi wa TV, tukabeba ile TV ya kisogo iliyolala rafuni miaka na mikaka, tukaiweka sebuleni kwa nyanya. Kwa nyuma, shingoni mwa kioo, kuna pete ya waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi: koili. Mliochezea sumaku ya spika mbele ya TV mkaharibu rangi, mkachapwa, mnajua ninachosema. Volti kama 25,000 hivi ndizo zinazorusha elektroni kuelekea kioo. Koili haziongezi kasi. Kazi yao ni kukata kona: moja kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Ami akazima, akakata ile ya juu na chini, akawasha. Chenga zote zikawa mstari mmoja mweupe katikati. Nyanya akasogea nyuma. Ami akaunganisha tena, kioo kikajaa.

Kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ni yaleyale, ila mviringo wa kilomita 27, sumaku 1,232 za kukunja njia tu, koili zimepoozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri. Kuna nyingine za ncha nne, hizo hazikunji, zinabana. Sasa skiza utamu: zikiubana mwale kushoto na kulia, zinautanua juu na chini. Kwa hivyo mbele yake unaweka nyingine iliyogeuzwa. Mada hii niliipenda chuo kuliko zote, na karatasi yake sikuifanya.

Ya hospitali ni ndogo. Elektroni zinagonga kipande cha chuma kigumu, mionzi inatokea hapo. Mionzi yenyewe haisikii sumaku, so lazima elektroni zinyooshwe kabla hazijagonga. Ndani mna vipimo vinavyochungulia mwale. Ukiegemea, umeme wa koili unarekebishwa. Ukizidi kuegemea, mashine inajizima.

Nyanya alishika hilo la mwisho tu.

"Yajizima yenyewe?"

"Yajizima, nyanya."

"Bila mtu?"

"Bila mtu."

Akanyamaza, akaitisha kahawa.

Sikumwahidi kupona, mimi nani. Alianza Jumatatu, namsindikiza na tuktuk kila asubuhi, na kila tukitoka ananiuliza kama leo ilijizima. Zimebaki siku 9. Yule mtu wa skrapu alipita akataka shaba ya ile TV, ami akamfukuza.